Somo Huyu

Waliosoma Kwemvumo wana ugonjwa mmoja: ukiwakalisha wawili pamoja, hata wakiwa na mvi kichwa kizima, watakusimulia habari za uji mpaka ukome. Si uji wa kunywa. Ni lile jimaji la rangi ya waridi walilokuwa wakizilisha seli, lenye sukari, chumvi na vitu vingine kumi na saba ambavyo kila mwanafunzi alitakiwa kuvitaja kwa kichwa mbele ya mwalimu. Mwantumu Semhando, ambaye siku hizi ndiye anayewafundisha walimu na miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba, huwa wa kwanza kuanza. Atakwambia uji ule ulinukia kama mtoto mchanga aliyetoka kuogeshwa, na ukimbishia atakununia kwelikweli.

Chuo cha Dawa Hai cha Kwemvumo kilikuwa juu kabisa ya milima ya Usambara, mahali ambapo ukungu uliingia darasani bila kubisha hodi. Mwaka ule wa elfu mbili sitini na tatu, wanafunzi wa uzamili wa bioteknolojia ya dawa walikuwa tisa tu. Walikula pamoja, waliazimana makoti, waligombania meza iliyokuwa karibu na mashine ya joto kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa na uvuguvugu. Seli zilitaka kulishwa kila siku ya tatu, na siku ya tatu haikujali sikukuu. Krismasi walilisha Waislamu, Idi wakalisha Wakristo, na aliyerudi likizo alileta kitu cha kutafuna kwa waliobaki. Mwantumu anasema hajawahi kuwa na furaha kama ile tena, na hasemi kwa kutia chumvi. Alikuwa na miaka ishirini na minne, analala saa tano tu kwa usiku mzima, vidole vimechubuka kwa dawa ya kunawia, na furaha tele.

Dawa za Kwemvumo zilitengenezwa na seli za watu. Mtu akigundulika ana kitu adimu mwilini, walichukua seli zake kiasi cha kuchovya ncha ya sindano, wakazifundisha kuishi nje ya mwili, nazo zikaendelea kugawanyika miaka nenda miaka rudi, zikimwaga dawa ndani ya mitungi ya chuma iliyokuwa mirefu kuliko milango. Seli zote zilizotoka kwa mtu mmoja ziliitwa ukoo. Kila ukoo ulikuwa na mpango wake wa utafiti, na mpango huo pale chuoni uliitwa somo. Somo la Kwanza lilikuwa la kisukari, la Pili la pumu, la Tatu lilikufa kabla halijaleta chochote. Somo la Nne lilikuwa la selimundu, ule ugonjwa wa damu unaozikunja chembe nyekundu zikawa kama mundu, zikakwama njiani na kumfanya mtu alie kwa maumivu ya mifupa. Mwantumu alipewa la Nne. Watu elfu sitini walikuwa wakichoma sindano yake kila mwezi, na wengi wao walikuwa wamesahau hata kulia kulikuwaje.

Kulikuwa na Bawabu pia. Zamani watu walikuwa wamechukuliwa seli zao bila kuulizwa, na watu walipokuja juu, nchi ikatunga Sheria ya Kauli. Ilikuwa sheria fupi: seli ya mtu itafanya alilolisema mwenyewe, na asilolisema haitalifanya. Kwa hiyo ghala la baridi la Kwemvumo lilikuwa na mlango wenye akili, na wanafunzi wakaubatiza Bawabu. Unafika, unataja kazi unayotaka kufanya, Bawabu anasoma kauli ya mtoaji ilivyoandikwa, anapima. Ikilingana anafungua. Isipolingana, hata umlilie machozi ya damu hafungui. Mbwana Singano, kijana wa Muheza aliyekaa meza moja na Mwantumu, alikuwa akimsalimia Bawabu kila asubuhi kwa "Shikamoo mkwe," na darasa zima likacheka kila asubuhi kama vile ni mara ya kwanza.

Huyo Mbwana ndiye aliyempa Mwantumu jina la Mama Uji. Alikuwa mtu wa mizaha kuanzia kucha mpaka utosini, isipokuwa kwa jambo moja. Mdogo wake, Saumu, alikuwa mmoja wa wale elfu sitini.

*

Tasnifu ya Kwemvumo ilikuwa na sura sita, na Sura ya Pili ilikuwa historia ya ukoo: ulitoka kwa nani, lini, na kwa kauli gani. Hakuna aliyeihangaikia. Ulichukua tasnifu ya aliyekutangulia, ukanakili kauli ya mtoaji neno kwa neno, ukaendelea na mambo ya maana. Kauli ya Somo la Nne ilikuwa mistari miwili, na Mwantumu alikwisha kuinakili:

"Mimi Mwanakombo binti Shaame, wa Kipumbwi, Pangani. Seli hizi natoa kwa ajili ya somo hili tu."

Bawabu alikuwa ameielewa vizuri. Somo hili, yaani Somo la Nne, utafiti wake na dawa yake. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akifungua kwa kauli hiyo.

Sasa, kilichomfanya Mwantumu aombe kusikiliza sauti yenyewe hakikuwa uchunguzi wala bidii ya masomo. Alikuwa amekumbuka nyumbani. Ilikuwa alasiri ya mvua ya rasharasha, wiki tatu kabla ya kutetea tasnifu, na miezi kumi ilikuwa imepita bila kusikia mtu mzima akisema Kiswahili cha kwao. Alikumbuka Ngamiani kwao Tanga mjini, barabara ya kumi na tatu, na bibi mmoja jirani aliyeitwa Mwantumu kama yeye. Bibi yule hakuwahi kumwita kwa jina hata siku moja. Alikuwa akisimama kizingitini na kuita, "Somo! Somo yangu wee!" na barabara nzima ilijua ni nani anayeitwa na kwamba ukoko wa wali umeiva. Wenye jina moja pwani ni masomo, na somo yako ana haki juu yako na wewe una haki juu yake, kuliko baadhi ya ndugu.

Akaenda kwenye chumba cha kumbukumbu, akavaa visikilizio, akajikunja kitini kama anayekwenda kupakatwa.

Sauti ilikuwa ya bibi mwenye pumzi fupi. Kulikuwa na kelele za ndege, na mtoto akikohoa karibu sana na kinasa sauti.

"Mimi Mwanakombo binti Shaame, wa Kipumbwi, Pangani. Seli hizi natoa kwa ajili ya somo huyu tu."

Kisha mtoto, kwa sauti ya kuchoka: "Bibi, twende basi."

Kisha bibi, akicheka kidogo: "Twende, somo."

Mwantumu alitabasamu kwanza. Alichelewa kama nusu dakika hivi kuelewa alichokisikia, na alipoelewa tabasamu likamganda usoni. Akarudisha nyuma. Huyu. Akarudisha tena. Huyu, wala si hili. Bibi hakuwa akizungumzia utafiti wowote. Alikuwa amempakata mjukuu wake, mwenye jina lake, mgonjwa, na alikuwa akisema seli hizi ni za mtoto huyu. Huyu tu.

Mtu fulani, miaka kumi na saba nyuma, aliisikia kauli hiyo, akadhani bibi kakosea ngeli, akamsaidia.

*

Wa kwanza kuambiwa alikuwa Mbwana. Mwantumu alimkuta akiosha chupa, akamvuta mpaka nyuma ya majiko, akamweleza yote kwa pumzi moja. Alitegemea mzaha. Mbwana aliikausha mikono yake polepole kwenye koti.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe tu."

"Basi tumemaliza. Hujasikia kitu."

"Mbwana, nimesikia. Na wewe ungesikia. Mtu wa Muheza hawezi kuambiwa 'somo huyu' akafikiri ni daftari."

"Tumu, nisikilize." Hakumwita Mama Uji. "Bawabu akijua kwamba kauli ile ilikuwa ya mtoto mmoja, anafunga siku hiyohiyo. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Dawa iliyoko kwenye makasha ni ya wiki ngapi?"

"Sita."

"Na kuanzisha ukoo mwingine?"

Wote wawili walikuwa wamefanya mtihani wa swali hilo. Ni miaka minne, kama akipatikana mtu mwingine ambaye amerithi selimundu na asiumwe hata siku moja kwa sababu damu yake inatengeneza kinga yake yenyewe. Bibi Mwanakombo alikuwa wa pekee aliyewahi kupatikana.

"Umewahi kumwona Saumu akishikwa?" Mbwana aliuliza. "Kabla ya hii dawa? Alikuwa anauma mkono wa kiti. Kiti cha mbao, Tumu. Alama za meno zipo mpaka leo. Nenda kayaseme hayo maneno yako, lakini ujue unakwenda kumwambia Saumu arudi kwenye kile kiti."

Aliondoka akaziacha chupa zake ndani ya maji. Mwantumu akazimalizia kuziosha, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Siku mbili alizunguka nalo. Alilisha seli, akazitazama kwenye hadubini zilivyojipanga zimeshikana, zimetulia, hazina habari. Alijaribu kujiambia kwamba bibi mwenyewe angefurahi kuona watu elfu sitini wamepona kwa ajili yake, na pengine ilikuwa kweli. Lakini hakuwa ameulizwa. Na kila alipofikia hapo alimsikia yule mtoto akikohoa. Alikuwa wapi yeye? Kwenye orodha za Somo la Nne, ambazo Mwantumu alizipekua zote, hapakuwa na Mwanakombo yeyote kwa miaka kumi na mmoja ya mwanzo; baada ya hapo walikuwapo kadhaa, asijue ni yupi. Dawa ilikuwa imejaribiwa kwa watu wa mbali, halafu ikaenda kwenye hospitali kubwa, halafu mikoani. Kwa kuwa kauli ilikuwa ya utafiti, haikuwa ya mtu, basi mtu hakutafutwa.

Siku ya tatu alipiga moyo konde akaenda kwa msimamizi wake.

Profesa Agripina Ndunguru alikuwa mwanamke mfupi wa Mbinga, mkali kwa tarehe na mpole kwa watu. Ndiye aliyekuwa ameikuza dawa hiyo tangu ikiwa matone mawili. Wanafunzi walimpenda kwa woga. Mwantumu hakueleza kitu. Alimpa visikilizio tu, akasema, "Shikamoo Profesa. Naomba usikilize hapa."

Profesa alisikiliza mara moja. Akavivua visikilizio, akaviweka mezani, akavinyoosha waya wake ukakaa sawa.

"Marahaba," alisema, amechelewa. Kisha akasema, "Huyu."

"Ndiyo, Profesa."

"Ni mimi niliyeandika."

Mwantumu akavuta kiti, akaketi.

"Nilikuwa nimerudi shule ukubwani, mwanafunzi wa uzamili kama wewe. Mwaka wa kwanza. Walinituma Kipumbwi na kinasa sauti na kikapu cha barafu. Nilimwona yule mtoto, ujue. Nilimpa biskuti." Profesa alizungumza taratibu, macho dirishani. "Kwetu somo ni la darasani. Sikuwahi kusikia linatumika vingine. Niliporudi kuandika nikaona bibi amechanganya huyu na hili, nikamwonea huruma. Nilifikiri, wakubwa watamcheka. Nikamsahihishia."

Nje mtu alikuwa akiimba huku akisukuma mkokoteni wa majani.

"Bibi wa Kipumbwi, akosee ngeli," Mwantumu alisema, na papo hapo akajuta, maana ilitoka kama dharau.

"Ndiyo," Profesa alisema. "Ndiyo hiyo." Alivua miwani. "Sikiliza, mwanangu. Nitakwambia kitu ambacho mwalimu hapaswi kumwambia mwanafunzi, kisha utafanya utakavyo. Nakili kauli kama ilivyo. Tetea tasnifu yako, upate shahada. Mimi nastaafu baada ya miaka miwili. Ndani ya miaka hiyo miwili nitatafuta ukoo mwingine, nitafanya kazi kama punda, na ukipatikana nitasema mwenyewe. Hakuna atakayeumia."

"Na yule mtoto?"

"Hatujui kama yupo hai."

"Hatujui kwa sababu hatujauliza, Profesa."

Alishangaa kwamba maneno hayo yametoka mdomoni mwake. Profesa Ndunguru alimtazama kwa muda mrefu, na kwa namna ya ajabu Mwantumu aliona kama amefarijika.

"Basi kaulize," alisema.

*

Mwanakombo mdogo alikuwa hai. Alikuwa fundi betri. Nyumba yake ilikuwa pembeni mwa barabara ya Kipumbwi, na ukumbini kulijaa betri za pampu na za pikipiki, zimefunguliwa matumbo. Alikuwa msichana wa rika moja na Mwantumu, mwenye kanga mbili na bisibisi nyuma ya sikio. Hakusimama kumpokea mgeni, na Mwantumu aliona kwa nini. Mguu wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia, umekaa upande, na mkongojo uliegemea ukutani.

"Nyonga," Mwanakombo alisema alipoona anavyotazamwa. "Mfupa ulikufa nikiwa na miaka kumi na mmoja. Damu ilikuwa haifiki. Karibu dada, kaa, usiogope, hizo hazina umeme."

"Sasa unachoma sindano?"

"Mwaka wa sita huu. Alhamdulillahi, siumwi. Tangu nifike kumi na nane. Kabla ya hapo nilikuwa mteja wa kitanda." Alicheka. "Wewe ni wa hospitali?"

Mwantumu alikuwa amejiandalia hotuba njia nzima. Ikamruka yote. Akatoa kile kisanduku cha sauti, akakiweka juu ya betri, akakibonyeza.

Hakuna namna ya kueleza uso wa mtu anayesikia sauti ya marehemu wake baada ya miaka kumi na minne. Mwanakombo aliishika meza. Iliposema "Twende, somo," alifunika mdomo kwa kanga, akalia bila sauti, mabega yakimtikisika. Mwantumu naye akalia. Hakuwa na haki ya kulia pale, lakini alilia.

Halafu akamweleza. Alimweleza kila kitu, polepole, hakuficha jina la mtu. Kwamba ile dawa anayochoma ni seli za bibi yake. Kwamba zilitolewa kwa ajili yake yeye, na kwa miaka kumi na mmoja zilikwenda kwa wengine. Kwamba sheria inamtambua yeye pekee, aliyepewa, kuwa na kauli juu yake, na akitaka, ukoo wote unazimwa, wanabakiza chupa moja ya seli za kumtengenezea dawa yeye mwenyewe maisha yake yote.

"Kumi na mmoja," Mwanakombo alisema.

"Ndiyo."

"Nyonga ilikufa nina miaka kumi na mmoja. Bibi alifia hapa, chumba hiki, nina miaka kumi. Siku zote alikuwa akiniambia vumilia somo yangu, wanaitengeneza, wameniahidi. Mimi nikamwona mwongo." Aliichomoa bisibisi sikioni, akaitazama, akairudisha. "Nilimwambia hivyo, dada. Nilimwambia bibi wewe mwongo."

Mwantumu akakisogeza kile kisanduku karibu naye.

"Ukoo huo uko wapi?"

"Juu. Kwemvumo."

"Nitakuja Jumatatu," Mwanakombo alisema. "Sisemi nitafanya nini. Ila nikifika nataka kuuona. Sitaki kuonyeshwa karatasi."

*

Jumapili Mwantumu alisimama mbele ya Bawabu, akasema kwamba kauli ya Somo la Nne ilinukuliwa vibaya. Bawabu alimshukuru kwa sauti yake ya adabu, akaufunga ukoo mzima papo hapo, ghala, mitungi na meza za kulishia. Mbwana alikuwa ukumbini akasikia makomeo yakishuka. Alipita karibu naye kama anavyopita mtu karibu na nguzo. Walikuja kusemezana baadaye, hata kuchangiana harusi, lakini lile jina la Mama Uji hakulitamka tena, na katika yote aliyoyapoteza mwaka ule Mwantumu hulikumbuka hilo zaidi. Shahada ilichelewa mwaka mmoja na nusu. Hiyo ilirudi.

Jumatatu saa nne asubuhi Mwanakombo alifika, amevaa baibui jipya na viatu vya kutembelea mjini, kimoja kimeongezwa soli. Alipanda ngazi thelathini na mbili za maabara kwa mkongojo wake, akakataa kushikwa. Profesa Ndunguru alikuwa akimsubiri juu. Alikuwa amejiandaa kuomba radhi, karatasi mkononi.

"Bado," Mwanakombo alimwambia. "Kwanza nimwone."

Walimkalisha kwenye kiti kirefu mbele ya hadubini. Mwantumu akamrekebishia mwanga, akamfundisha kufumba jicho moja, akamwonyesha gurudumu la kuvutia karibu. Mbwana alikuwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni, hasogei wala haondoki. Mbele ya dirisha, sanduku ambalo Bawabu alisikilizia kauli lilikuwa limewaka taa yake ya kijani, likisubiri kauli ya mwenye haki.

"Hivi vidoa?"

"Ndivyo. Tazama vile vilivyo viwili viwili. Vimetoka kugawanyika sasa hivi."

Mwanakombo alitazama. Alitazama mpaka Profesa akaanza kubadilisha miguu. Kisha, jicho bado kwenye hadubini, akauliza kama anavyouliza mtu aliyefika nyumbani kwa wazazi na kukuta mgonjwa:

"Amekula?"

Hakuna aliyeelewa mara moja.

"Bibi. Amekula?"

"Bado," Mwantumu alisema. "Leo ndiyo siku yake. Lakini tangu jana tumefungiwa. Haturuhusiwi kumpa kitu mpaka wewe useme."

"Na asipopewa?"

"Kesho asubuhi zitaanza kufa."

Mwanakombo aliinua uso. Macho yalikuwa mekundu lakini sauti yake ilikuwa kavu kabisa.

"Mwalimu," alimwambia Profesa. "Mguu wangu sijakusamehe. Na sijui kama nitakusamehe. Hilo mliandike kama nilivyolisema, msinisahihishie."

"Tutaliandika," Profesa alisema, na karatasi yake aliikunja akaitia mfukoni.

"Na huyu ni wangu. Nilipewa mimi."

"Ni wako."

Mwanakombo alizungusha kiti, akamwona kijana wa mlangoni. Pengine alikuwa amekwisha kuambiwa, au pengine alimtambua tu, maana waliokaa sana na mgonjwa wanajulikana.

"Wako ni nani?"

"Mdogo wangu," Mbwana alisema. "Saumu."

"Humshika wapi?"

"Magoti. Na mgongo, kukiwa na baridi."

"Mgongo, ee," Mwanakombo alisema, akatikisa kichwa taratibu, kwa namna ambayo wengine wote mle ndani hawakuwa na haki nayo. Akashika mkongojo wake, akauegemeza vizuri mezani, akausogelea mdomo wa lile sanduku.

"Mimi Mwanakombo, somo yake huyu," alisema. "Mlisheni. Ale, afanye kazi. Bibi hakuwa mtu wa kukaa bure."

Makomeo yakapanda. Chupa ya uji aliifungua Mbwana.